Jitu la Kreta na Stensili Nne

Kitabu kilichochakaa haraka kuliko vyote tulivyowahi kutoa pale Karatu kilipata karatasi kwa sababu niliandika kwenye fomu kwamba kinafundisha kuhesabu hadi hamsini. Kwa kweli kilikuwa hadithi ya jitu linaloishi ndani ya kreta na punda anayesema. Kwenye fomu sikumtaja punda.

Ninyi mnaobaki ofisini mmeniuliza mara nyingi habari ya kitabu hicho, nami nikawa najibu kwamba nina kazi. Sasa sina kazi, na ufunguo wa stoo nimeshaurudisha. Nitaeleza yote, ila itabidi nianzie nyuma kidogo ili muelewe tulivyokuwa tunafanya kazi.

Nilifika kituoni mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea Mbulu ambako nilikuwa nafundisha darasa la pili. Kituo kilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la mahindi. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza vitabu vidogo kwa ajili ya watu wazima waliokwisha kujua kusoma kwenye madarasa ya kisomo, na kwa vijana waliomaliza la saba wakarudi shambani au machungani bila kitu cha kusoma. Mkuu wa kituo, Mzee Leonsi, alikuwa mtu mfupi mwenye koti la kahawia na kucha nyeusi kwa wino. Siku ya kwanza nilimwambia kwa fahari kwamba naweza kuandika.

"Kuandika kila mtu anasema anajua, binti," alisema. "Wewe anza na kuosha."

Wiki nzima niliosha ngoma ya mashine ya kurudufu kwa mafuta ya taa na vitambaa vya mashati ya zamani. Wiki ya pili aliniweka mbele ya taipureta. Kwa wale ambao hawajawahi kukata stensili: ni karatasi yenye nta, herufi za mashine zinaikata, wino unapita pale ilipokatwa. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu kali inayokufanya utoe machozi, unasubiri ikauke, unapiga tena. Ukigonga kwa nguvu mno, unatoboa. Kile kialama cha juu katika neno ng'ombe kilikuwa na ncha kali kuliko herufi zote, hivyo kila ng'ombe katika vitabu vyetu vya mwanzo alitoka na doa jeusi kichwani. Mkulima mmoja alituletea kitabu ofisini kuuliza huo ni ugonjwa gani na kama upo huku kwetu.

Vitabu vyenyewe vilihusu kuhifadhi mahindi, kuku, minyoo na vyoo. Nilikata stensili nyingi sana za vyoo. Nilifika mahali ambapo nikialikwa harusini naanza kwa kuangalia umbali wa choo kutoka kisimani, na mara nyingi sikuupenda.

Jambo kubwa alilonifundisha Mzee Leonsi ni kukijaribu kitabu kabla ya kukichapa. Hatukuchapa chochote kabla ya kukisoma kwa sauti mbele ya watu wa sehemu mbili tofauti, wakulima na wafugaji. Msomaji alitoka kwao wenyewe. Mimi nilikaa pembeni na daftari, naweka alama kando ya kila aya: C wakicheka, K wakikohoa, N wakinyamaza.

"Usiwaulize kama wamekipenda," alinionya. "Watasema ndiyo. Wewe ni mgeni na umekuja na gari. Tazama mikono yao. Mtu akianza kuokota majani chini, hapo ndipo pa kukata."

Nimeifanya kazi hiyo miaka yote, na sijapata kifaa kinachoishinda penseli na mikono ya watu.

Mwalimu Tarmo alikuja siku ya mnada, akiwa na madaftari manne ndani ya mfuko wa mbolea. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Buger, mrefu, mwenye sura ya mtu anayekagua madirisha. Hakukaa.

"Dada, hapa mnapokea na uongo?"

"Uongo wa namna gani, Mwalimu?"

"Mkubwa."

Nilimwambia ayaache. Nilianza kusoma wakati wa chakula cha mchana na sikula. Hadithi ilikuwa hivi. Ndani ya kreta linaishi jitu, na kreta yenyewe ni bakuli lake ambalo halijapata mtu wa kuliosha. Jitu hili halili watu wala halipigani. Linahesabu. Kitu chochote likikihesabu mpaka mwisho bila kukosea, kinakuwa chake. Limeshahesabu visima vya watu, mizinga ya nyuki, hata hatua za bibi mmoja, ambaye tangu siku hiyo hawezi kutembea bila kuomba ruhusa. Siku moja linawachukua ng'ombe hamsini wa kijiji kizima ili liwahesabu. Msichana mmoja, Restituta, anashuka kreta kuwafuata, pamoja na punda anayeitwa Katibu kwa sababu hakuna mkutano unaoanza bila yeye. Silaha yao ni moja tu: kulipotezea jitu hesabu. Kila likikaribia mwisho, punda anainua kwato. "Samahani mwenyekiti, uliishia kumi na saba au sabini na moja? Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu."

Mzee Leonsi alichukua daftari la kwanza na la pili kwenda nayo nyumbani. Asubuhi yaliporudi yalikuwa na mafuta ya kupikia. "Mke wangu anataka la tatu," alisema.

Tatizo lilikuwa karatasi. Miaka hiyo karatasi ilitoka mkoani kwa kibali, na kibali kilitoka kwa fomu yenye swali: Faida ya kitabu kwa mkulima au mfugaji. Jitu halikuwa na faida. Tuliikodolea macho fomu ile mpaka chai ikapoa, kisha nikaandika: Mazoezi ya kuhesabu hadi hamsini. Mzee Leonsi alisoma, akafuta miwani, akatia sahihi. Kibali kilikuja, pamoja na sharti kwamba nakala ya kwanza ikaguliwe kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata, la sivyo karatasi wangepewa wengine. Mwalimu Tarmo nilipomweleza alikaa chini kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameandika kitabu kile miaka sita, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Aliniomba nimwonyeshe kibali, akakishika pembeni kwa vidole viwili kama picha ambayo haijakauka.

Nikafanya kosa la kujiamini. Nilikata stensili zote, mpaka sura ya mwisho, kabla ya kumaliza kukijaribu.

Kwa wakulima wa Buger kitabu kilipita vizuri mno. Tulisomea kwenye kanisa lililokuwa linajengwa, watu wamekaa juu ya matofali. Kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya vijana, lakini wazee waliokuja kuwasindikiza hawakuondoka, na ukingoni mwa sura ya tatu vijana walisukumwa nyuma. Daftari langu lilijaa C. Katika sura ya mwisho ng'ombe wanarudi nyumbani, na Restituta anasimama langoni kuwahesabu mmoja mmoja ili kijiji kijue kwamba wote wamerudi. Watu walihesabu pamoja naye. Walipofika arobaini na tano walikuwa wamesimama, na hamsini ilisikika mpaka barabarani. Mwalimu Tarmo alikuwa mlangoni, anatazama nje, mgongo ukimtikisika.

Wiki iliyofuata nilipanda gari la idara ya mifugo kwenda Olbalbal, kwa wafugaji. Bwana mifugo alikuwa anakwenda kuchanja. Tulipita ukingo wa kreta kwenye ukungu, tukateremka upande wa pili penye vumbi na jua, na nikakuta darasa la kisomo limeshakaa kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati. Msomaji alikuwa Naserian, dada mwenye sauti nzuri aliyemaliza la saba. Alisoma aya kwa Kiswahili kisha akaieleza kwa Kimaasai kwa wale ambao Kiswahili chao kilikuwa kidogo. Mwenyekiti wa darasa alikuwa Mzee Parmwat, ambaye alikuwa amefeli mtihani wa kisomo mara mbili na alisema hana haraka, kwa kuwa akifaulu atakosa pa kwenda asubuhi.

Naserian alilisemea jitu kwa sauti ya bwana mifugo. Hakuna aliyemwambia, alibuni mwenyewe, na bwana mifugo aligundua kabla sijagundua mimi.

"Naserian, huyo ni mimi?"

"Ni jitu, bwana. Wewe ni mfupi."

Akina mama waliziba midomo kwa shuka. Sura ya tatu, ya nne, ya tano, C tupu. Kisha tukafika mwisho, Restituta langoni, moja, mbili, tatu. Kufika saba nilisikia ukimya. Niliandika N. Kumi na mbili, N. Mama mmoja aliinuka akaondoka. Naserian mwenyewe aliacha kutafsiri, akawa anasoma Kiswahili tu, haraka, kama mtu anayepita penye nyuki. Alipofunga madaftari, Mzee Parmwat alivuta ugoro wake bila kunitazama.

"Yeyo," alisema, akiniita kwa heshima wanayompa mama, "jitu limeshindwa?"

"Limeshindwa, mzee."

"Halijashindwa. Huyo mtoto ndiye jitu sasa."

Nilijua, kama kila mtu wa huku ajuavyo, kwamba wazee wa Kimaasai hawapendi ng'ombe wao wahesabiwe. Nilijua, na nilikata stensili zile kwa mikono yangu, na halikunijia. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Mbulu. Kwetu kuhesabu ndiyo furaha yenyewe. Nikamwuliza Mzee Parmwat kama tungeweza kufanya hivi, au vile. Alisema kitabu ni kizuri na punda ni mtu wa maana, lakini hawezi kuketi na kusikia ng'ombe wakihesabiwa na mtoto mpaka wa mwisho, na hatakiruhusu darasani kwake.

"Lakini bwana mifugo anawahesabu kila akichanja," nilisema.

"Yeye anahesabu sindano zake. Hilo ni shauri lake."

Nilirudi Karatu na habari mbaya. Mzee Leonsi alikuwa na kanuni, kwamba kitabu kilichokataliwa upande mmoja hakitoki. Mwalimu Tarmo alikuwa na yake, kwamba hafuti hesabu. Na aliniambia jambo ambalo nilikuwa nimeshaliona: tukiondoa kuhesabu, fomu ni uongo, na karatasi inakwenda.

"Basi twende Olbalbal ukamwambie mzee mwenyewe," nilisema.

"Nitamwambia."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za kibali. Bwana mifugo alituchukua tena, akinung'unika kwamba safari hii hataki kuwemo kitabuni. Mwalimu Tarmo alivaa tai. Alimkuta Mzee Parmwat ameketi kwenye kigoda nje ya boma lake, jua likianza kushuka, akisubiri mifugo irudi kutoka majini.

"Wewe ndiye mwenye jitu," alisema Mzee Parmwat.

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuja kuuliza. Usipowahesabu, unajuaje kwamba wote wamerudi?"

"Nawatazama."

"Kutazama si kujua."

"Nyie watu wa Buger mnahesabu kwa sababu hamwaminiani."

"Tunahesabu kwa sababu babu zenu walipita kwa babu zetu usiku."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua Mzee Parmwat alikuwa anacheka mpaka ugoro umemwagika, na anampa mwenzake nafasi ya kukaa. "Kaa hapa," alisema. "Wewe fanya lako. Lakini nisikusikie, na usinyooshe kidole."

Mwalimu Tarmo alikuwa na punje za mahindi mfukoni. Bwana mifugo alikuwa amemnong'oneza idadi aliyochanja bomani pale safari iliyopita, naye alikuwa ametia punje za idadi hiyohiyo mfuko wa kulia. Ng'ombe walianza kuingia, vumbi limesimama nyuma yao, na kila mmoja alipovuka lango Mwalimu alihamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, uso wake ukiwa umetulia kama mtu anayesali. Mzee Parmwat hakufanya kitu. Alikaa tu na fimbo yake magotini. Wa mwisho alipoingia vijana walianza kuvuta miiba kufunga lango.

"Wametimia," alisema Mwalimu Tarmo kwa upole. Hakutaka kumwaibisha.

"Bado mmoja," alisema Mzee Parmwat. "Mwekundu, sikio limechanika. Mama yake alikuwa wa mjomba wangu."

"Mzee, wametimia. Nakuhakikishia."

"Waliomo wametimia. Yeye hayumo."

Aliinuka, akaingia katikati ya ng'ombe akiwasukuma kwa mgongo wa mkono, akasimama kando ya mtamba mmoja mwekundu ambaye machoni pangu hakuwa na tofauti na wengine kumi. Alimgusa kiunoni. "Huyu ni wa jirani. Wamechanganyika majini, amekuja kulala ugenini."

Mwalimu Tarmo aliingiza mkono mfuko wa kulia. Ulikuwa mtupu. Alizitoa punje za mfuko wa kushoto, akazitazama kwenye kiganja, akamtazama mtamba, kisha akakaa chini kwenye mavi makavu, na tai yake, akacheka kwa namna ambayo ilinifanya nihofie afya yake. Alipopata pumzi aliniomba penseli. Aliandika akiwa amekaa palepale mpaka Naserian akamletea chai na kumwambia kwamba amekalia njia ya ndama.

Yule mwekundu mwenye sikio lililochanika alipatikana asubuhi yake kwa jirani, ambaye naye alikuwa ameshaanza kumtafuta wa kwake.

Sura mpya ilikuwa hivi. Jitu, likijua limeshindwa, linarudisha ng'ombe hamsini kamili. Punda Katibu anawahesabu langoni, kwa sauti, anatangaza kwamba idadi imetimia na anapendekeza jitu lipewe shukrani kwa kupiga makofi. Restituta hahesabu. Anatazama. Anasema, "Mmoja si wetu." Kijiji kinamcheka, punda anamtaka aheshimu kikao. Naye anapita katikati ya ng'ombe mpaka anamfikia mmoja mnene ambaye magoti ya miguu yake ya nyuma yanakunjika kwa mbele, anayekataa kukamuliwa na anayetafuna majani kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Ni jitu lenyewe, limevaa ngozi, limejiingiza kijijini ili liwahesabu watu wakiwa wamelala. Linatimka mbio hadi kreta, likiacha ngozi na heshima yake njiani.

Hesabu ilikuwemo mpaka hamsini. Fomu haikusema anayehesabu lazima awe mwenye akili.

Shida ikawa stensili. Stoo nzima ilikuwa na nne, na mpya zilikuwa hazitarajiwi. Mwalimu Tarmo aliniletea maandishi ya kujaza tisa. Tulikaa siku mbili kwenye meza moja tukikata, yeye upande wake na mimi upande wangu, na Mzee Leonsi akipita kila saa kunusa dawa nyekundu. Nilipiga mistari kwa nafasi moja, nikabana pambizo. Aliondoa hotuba ya punda, nikamrudishia nusu. Stensili ya nne ilipofika mistari mitatu ya mwisho, alikuwa bado ana ukurasa mzima mkononi.

"Huu unaeleza nini?" nilimwuliza.

"Ng'ombe wa kweli. Jitu lilikuwa limechukua nafasi ya mmoja. Huyo mmoja yuko wapi."

"Yuko wapi?"

"Hapo ndipo ninapojaribu kufika."

"Mwalimu, mistari ni mitatu."

Aliutazama ukurasa, akaukunja. "Basi abaki huko kwanza. Tutamrudisha toleo la pili."

Mkaguzi wa mkoani alikuja siku moja kabla ya mwisho wa mwezi. Alikuwa mtu makini mwenye kalamu mbili. Aliuliza hesabu iko wapi, nikamfungulia sura ya mwisho. Alisoma akiwa amesimama, akarudi sura ya kwanza akiwa amekaa. Aligonga mhuri, akaomba nakala mbili kwa ajili ya watoto wake. Alifika mlangoni akageuka, akaomba ya tatu. Hakusema ya nani.

Olbalbal nilikwenda mwenyewe kuwapelekea. Naserian alisoma, na jitu lilipokataa kukamuliwa akina mama walilia kwa kicheko. Daftari ninalo bado: sura ya mwisho ina C kumi na nne, K moja, na ile K ilikuwa vumbi. Mzee Parmwat alingoja mpaka watu wametulia.

"Ni kizuri," alisema. "Na ng'ombe wa yule mtoto yuko wapi?"

"Nafasi iliisha, mzee."

"Kitabu kizima, hamna nafasi ya ng'ombe mmoja?"

Toleo la pili halikuja kamwe. Kwanza karatasi, kisha vita, kisha mashine, kisha Mwalimu Tarmo akahamishwa, na nakala zilizokuwapo zikapita mkono kwa mkono mpaka nyingine zikapoteza jalada. Zile zilizorudi maktabani zilikuwa na alama nyingi za vidole vya watu wazima kuliko za vijana. Wakati wote huo barua ziliendelea kuja, zote zikiuliza jambo moja. Nilizipeleka Buger, alikostaafia Mwalimu, mara ya mwisho mwezi uliopita. Alinikaribisha uji na kunionyesha madaftari mawili. Katika moja, ng'ombe amekwenda Malambo na ana ndama. Katika la pili yumo bado mfukoni mwa jitu, na jitu linamwogopa. Nilimwuliza lipi ni la kweli. Alisema hajamwona vizuri bado.

Barua ya hivi karibuni ilifika wiki mbili kabla sijastaafu, imetoka hukohuko Malambo, imeandikwa na mama mmoja mfugaji kwa penseli. Anasema amekisoma kitabu mara tatu. Haulizi ng'ombe yuko wapi. Anaomba tumwambie ni wa rangi gani na pembe zake zikoje, ili akipita kwake amtambue. Nimeiacha kwenye trei, upande wa zisizojibiwa. Nimepitia stensili zote, na madaftari yote manne ya mwanzo. Rangi hatukuiandika popote.